Shaka na Heshima: Swali la Maadili katika Semina ya Historia

Utangulizi

Semina ya historia katika chuo kikuu ina swali moja linaloulizwa kuliko mengine yote: umejuaje? Mwanafunzi huwasilisha andiko lake, mwenzake huteuliwa kulijibu, kisha mwalimu na darasa zima huigeukia kila kauli na kuidai ithibati. Kwa kijana anayefika hapo kutoka shule ya sekondari, ambako historia aghalabu ilikuwa orodha ya tarehe za kukumbukwa siku ya mtihani, tajriba hii huwa ya kushtua. Anatambua kwamba kitabu alichokikariri kiliandikwa na mtu, kwamba mtu huyo alikuwa na upande aliosimama, na kwamba yeye mwanafunzi ana ruhusa ya kumhoji. Tena hiyo si ruhusa tu, ni wajibu.

Mshtuko huo una sura nyingine ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Pale ambapo ithibati ni kauli ya mzee aliyeketi na mwanafunzi kivulini na kumwita mjukuu wake, swali la "umejuaje?" haliwi tena swali la mbinu za utafiti peke yake. Linakuwa swali la maadili. Je, ni haki kuyachukua maneno ya mtu aliyeyatoa kwa imani, kuyapeleka mbele ya watu asiowajua, na huko kuyatilia shaka ilhali mwenyewe hayupo kujitetea?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuangalia hasa mfano mmoja unaojulikana: utafiti wa Vita vya Maji Maji uliofanywa na wanafunzi wa historia mjini Dar es Salaam mnamo 1968 na 1969. Hoja inayotetewa ni kwamba shaka ya semina haipingani na heshima, mradi mwenye shaka aendelee kuwajibika kwa yule ambaye kauli yake inahojiwa. Wajibu huo una masharti, na masharti hayo ndiyo yanayofafanuliwa hapa.

Wanafunzi na Wazee

Idara ya Historia ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1964, wakati chuo hicho kilipokuwa kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Terence Ranger ndiye aliyekuwa profesa wake wa kwanza, na miongoni mwa waliofundisha humo katika muongo huo walikuwamo John Iliffe, Isaria Kimambo na Walter Rodney. Nia ya walimu hao ilikuwa kuiandika upya historia ya Afrika kwa kuwatazama Waafrika kama watendaji. Nia hiyo ilihitaji ithibati ambazo hazikuwa katika nyaraka za wakoloni. Ndipo wanafunzi wakatumwa vijijini kuwahoji wazee walioikumbuka vita ya 1905 hadi 1907.

Hesabu ya umri inaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ya haraka. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 vita vilipoanza alikuwa na miaka 73 mwaka 1968. Wazee hao walikuwa watoto wa vita na, zaidi ya hayo, watoto wa njaa. Kwa maana majeshi ya Wajerumani yaliteketeza mazao na maghala, na waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa vitani. Wajerumani walikadiria kwamba walikufa watu 75,000. Gilbert Gwassa, aliyeuchunguza mwanzo na uenezi wa vita hivyo katika tasnifu yake ya 1973, alikadiria watu 250,000 hadi 300,000. Kwa hiyo kila mzee aliyefunguliwa daftari alikuwa amebaki baada ya wengine.

Kazi iliyofanywa haikuwa ndogo. Maandishi ya wanafunzi yalikusanywa pamoja. Baadhi yalichapishwa, kama vile utafiti wa O. B. Mapunda na G. P. Mpangara kuhusu vita hivyo katika nchi ya Wangoni, uliotolewa mwaka 1969. Mwaka 1968 Gwassa na Iliffe walikuwa wamekwisha kuchapisha mkusanyo wa kumbukumbu za vita, ambamo sauti za wazee ziliwekwa kando ya nyaraka. Bila jitihada hizo, mengi yanayojulikana leo juu ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, yangekuwa yamezikwa pamoja na waliomwona.

Hata hivyo, safari kutoka kijijini hadi darasani inabadilisha hadhi ya maneno. Mzee aliyeitwa babu kijijini huitwa chanzo darasani. Alichokieleza kwa lugha yake hufasiriwa na kupunguzwa mpaka kikaenea katika aya moja. Kisha aya hiyo huulizwa: umejuaje?

Njia Mbili za Kulikwepa Swali

Wanafunzi wa historia, huko na kwingineko, huuitikia mgogoro huu kwa njia mbili zinazoonekana kupingana.

Wa kwanza huizungushia kauli ya mzee ua la heshima. Huileta semina kama alivyoipokea, na anapoulizwa kama mzee aliona au aliambiwa, huhisi kwamba mzee anatukanwa. Methali inampa nguvu: penye wazee haliharibiki neno. Mwanafunzi huyu anastahili kueleweka. Anajua kwamba babu huyo alimkaribisha, pengine alimlisha, na kwamba hakumsimulia ili asimulizi lake lipewe alama. Anajua pia kwamba kwa muda mrefu neno la Mwafrika lilidharauliwa katika vyuo, na haoni kwa nini yeye awe wa kuiendeleza dharau hiyo.

Wa pili hulitupa ua hilo. Kwake kauli ya mzee ni mali ghafi. Huikata, huilinganisha, huikataa inapotofautiana na waraka, na hufurahia kusifiwa kwa ukali wake wa hoja. Kwa huyu kifo cha kijiji kizima ni kipengele katika mjadala wa sababu na matokeo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mwanafunzi huyu hubeba mzigo mwepesi kwa sababu hajawahi kujua kwamba ni wa mtu.

Njia hizi mbili zina kasoro moja ya pamoja: zote mbili zimeacha kumsikiliza mzee. Wa pili haoni mtu. Wa kwanza anaona mtu asiyeweza kukosea, na mtu wa namna hiyo hayupo. Kumkubalia mzee kila neno bila kulipima ni kumtendea kama mtoto ambaye wakubwa humwitikia tu ili anyamaze. Heshima ya kweli humchukulia msemaji kuwa mtu mzima mwenye akili, awezaye kuulizwa na awezaye kujibu.

Si kweli, zaidi ya hayo, kwamba shaka ni desturi ya kigeni iliyoletwa na chuo kikuu. Katika baraza la wazee shahidi huulizwa kama aliona kwa macho yake au alisikia kwa mtu, na mtu huyo ni nani. Wanazuoni wa pwani walioisoma elimu ya Hadithi walijifunza kuuchunguza mnyororo wa wapokezi, mmoja baada ya mwingine: nani alipokea kwa nani, je walikutana, je alikuwa mtu wa kuaminika. Uchunguzi huo haukuhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Ulikuwa njia ya kuitunza amana isichanganyike na uzushi. Methali yenyewe, ikisomwa vizuri, inasema penye wazee, kwa wingi. Neno haliharibiki kwa sababu wapo wengine wa kulisahihisha.

Shaka Ianzie kwenye Swali

Ikiwa shaka inaruhusiwa, inapaswa kuanzia wapi? Mwanafunzi wa kawaida huanzia kwenye jibu: je, mzee alisema kweli? Historia ya utafiti wa Maji Maji inafundisha kwamba swali ndilo linalostahili kushukiwa kwanza.

Wanafunzi wa 1968 walikwenda vijijini miaka 7 tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Tayari Maji Maji ilikuwa imepewa nafasi katika simulizi la taifa. Julius Nyerere aliitaja mbele ya Umoja wa Mataifa mnamo Desemba 1956 alipokuwa akieleza chimbuko la madai ya TANU. Katika makala yake ya 1967 Iliffe alikuwa ameuliza jinsi watu wa makabila mengi walivyoweza kupangwa katika upinzani mmoja. Lilikuwa swali zuri, lakini lilikuwa na mwelekeo. Liliwataka wazee waeleze umoja, viongozi na sababu za kuwapinga Wajerumani. Mzee aliyehojiwa na kijana msomi kutoka chuo cha serikali alijua vema habari iliyosubiriwa, na si ajabu kwamba umoja ndio uliojitokeza zaidi.

Miaka 30 baadaye wanahistoria wengine waliuliza mambo mengine. Thaddeus Sunseri, katika makala ya 1997 na ya 2000, alichunguza Uzaramo na kuonyesha uzito wa njaa, wa nguruwe mwitu walioharibu mashamba, na wa kazi za wanawake, mambo ambayo simulizi la taifa halikuyapa nafasi. Jamie Monson, katika makala ya 1998, alionyesha kuwa kwa watu wa nyanda za juu za kusini vita hivyo vilifungamana na uhasama na miungano iliyokuwapo kabla Mjerumani hajafika. Mkusanyo wa makala uliohaririwa na James Giblin pamoja na Monson mwaka 2010 uliendeleza uchunguzi huo.

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba wazee wa 1968 walidanganya. Walijibu walichoulizwa. Mtu akiulizwa nani alikuwa kiongozi, hatajibu habari za nguruwe. Hapa ndipo tajriba ya semina inapopata uzito wake wa kimaadili: mwanafunzi anayejifunza kulihoji swali lake mwenyewe kabla ya kulihoji jibu la mzee ameacha kujiweka juu ya mzee huyo. Wote wawili wamo katika mizani.

Lipo jambo jingine la kuzingatiwa. Wanahistoria hao wa baadaye waliweza kuhoji mahitimisho ya awali kwa kiasi fulani kwa sababu maandishi ya wanafunzi wa Dar es Salaam yalihifadhiwa na mahojiano yaliyomo yakaweza kusomwa tena. Mengi ambayo wanafunzi hawakuyaona kuwa muhimu yalibaki kwenye karatasi. Jibu la swali lililoulizwa mwanzoni mwa makala haya linaanzia hapo. Mzee hayupo semina kujitetea. Wakili wake pekee ni maneno yake yaliyotunzwa bila kupunguzwa. Mwanafunzi anayeandika hitimisho tu na kuitupa kanda au daftari amemnyang'anya mzee wakili huyo. Anayeyatunza maneno yote, hata yale yanayompinga yeye mwenyewe, amemwachia nafasi ya kujibu baada ya wote wawili kuondoka.

Mizani Moja

Sharti la pili la shaka yenye maadili ni usawa. Ni rahisi kumuuliza mkulima wa Umatumbi amejuaje; ni vigumu zaidi kumuuliza gavana, kwa kuwa gavana ameandika kitabu. Gustav Adolf von Götzen, aliyetawala Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa vita, alichapisha mwaka 1909 kitabu juu ya uasi huo. Kitabu hicho kina tarehe, ramani na majina ya maofisa, na kwa sababu hiyo kina sura ya ithibati. Lakini mwandishi wake alikuwa mtawala aliyezukiwa na maasi katika koloni lake, na alikuwa na kila sababu ya kujitetea. Semina inayompima mkulima kwa gavana, bila kumpima gavana kwa mkulima, inarudia tu hukumu iliyokwisha kutolewa kwa bunduki.

Kenya nayo ina mfano ulio karibu zaidi. Wazee waliofungwa kambini wakati wa vita vya Mau Mau walisimulia kwa miaka mingi jinsi walivyoteswa. Kitabu cha Caroline Elkins cha 2005, kilichotegemea sana masimulizi hayo, kililaumiwa na baadhi ya wanahistoria kwa sababu hiyo hiyo: kumbukumbu za wazee, walisema, hazitoshi. Mwaka 2009 Wakenya watano waliokuwa wafungwa walifungua kesi mjini London. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba ilikuwa na maelfu ya majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni yake wakati wa uhuru na kufichwa Hanslope Park. Mnamo Juni 2013 ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Mfano huu hauthibitishi kwamba kumbukumbu ya mzee ni sahihi daima. Unathibitisha kwamba kimya cha waraka si ushahidi. Makabrasha hayakuwa yamenyamaza kwa kukosa la kusema, yalikuwa yamefungiwa. Mwanafunzi aliyekaa semina kabla ya 2011 na kuikataa kauli ya mzee kwa kuwa "haipo katika nyaraka" alidhani anatumia mbinu ya kisayansi, kumbe alikuwa akitumikia kufuli asiloliona.

Msanii na Mwanahistoria

Mhakiki wa fasihi anaweza kuuliza kwa nini mwanahistoria ajitaabishe hivyo, ilhali msanii huichukua habari ile ile na kuifinyanga apendavyo. Katika miaka hiyo hiyo ya utafiti, na katika chuo hicho hicho, Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969. Ulinganisho huo una faida. Hussein aliweka wazi katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, asiyelingana kwa kila hali na yule wa historia. Kwa tamko hilo alikuwa amelipa deni lake: mtazamaji anajua alichopewa.

Mwanahistoria hawezi kulipa deni kwa njia hiyo. Yeye anadai kwamba aliyosema yalitokea. Kwa hiyo anapoyaunganisha masimulizi kumi yanayotofautiana na kuyafanya hadithi moja inayopendeza, anachukua uhuru wa msanii bila kutoa tamko la msanii. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya Maji Maji, uliochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Naye asomwapo katika semina ya historia hana budi kuulizwa yale yale: aliona nini, aliambiwa nini, na vita vilionekanaje kutoka pwani alikosimama. Kuulizwa hivyo hakumpunguzii mtunzi chochote katika ushairi wake.

Deni la Kurudisha

Limebaki sharti la tatu, na ndilo linalosahauliwa upesi kuliko yote. Katika masimulizi ya Wamatumbi limo neno njwiywila, au jujila, lililotaja habari iliyopitishwa kwa siri, kama inavyonong'onwa katika mkutano wa faragha. Kwa njia hiyo watu waliitana kwenda Ngarambe kuyachukua maji. Neno lililoishi kwa kunong'onwa sasa linapatikana katika vitabu vya Kiingereza na linaelezwa kwa sauti katika madarasa ya mabara mengine. Haliwezi kurudishwa sirini, wala si lazima lirudishwe. Lakini ni halali kuuliza kama wajukuu wa walionong'ona wanaweza kuusoma ushahidi wa babu zao kwa lugha wanayoielewa.

Mwanafunzi hupata shahada kwa maneno ya mzee. Mwalimu hupata makala. Mzee hupata nini? Jibu la kwamba hupata kukumbukwa ni jepesi mno, kwani kumbukumbu iliyohifadhiwa mahali asipoweza kufika ukoo wake imehifadhiwa kwa ajili ya wengine. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha mbele ya wazao wa wapiganaji walionyongwa humo mwaka 1906, ambao miongoni mwao alikuwamo chifu Songea Mbano. Ukoo huo unaendelea kulitafuta fuvu la mzee wao, linalosemekana kuwa lilipelekwa Ujerumani. Taifa linaweza kudaiwa mabaki ya mwili. Wasomi nao wanadaiwa mabaki ya aina nyingine: kanda, madaftari, na tafsiri ambazo hazijawahi kufika vijiji zilikotoka.

Hitimisho

Swali lilikuwa kama ni haki kutilia shaka maneno ya mzee aliyeyatoa kwa imani, naye hayupo. Jibu lililotetewa hapa ni kwamba ni haki, kwa masharti matatu: mwenye shaka aanze kwa kulihoji swali lake mwenyewe na ayatunze maneno yote aliyopewa, ampime mwenye kalamu kwa mizani ile ile anayompimia mwenye ulimi, na ayarudishe maneno kwa waliompa. Shaka isiyotimiza masharti hayo ni kiburi, hata ikipata alama za juu. Heshima inayoikataa shaka nayo huishia kuwa usahaulifu, kwa sababu neno lisiloulizwa hatimaye huacha kusikika.

Masharti haya hayahitaji fedha nyingi wala nadharia mpya. Idara inaweza kumtaka kila mwanafunzi aambatishe mahojiano kamili, kwa lugha yaliyofanyiwa, pamoja na maswali aliyoyauliza. Na inaweza kukataa kuitoa alama ya mwisho kabla nakala moja haijafika kwa mzee au kwa ukoo wake. Mwanafunzi atakayerudi kijijini na nakala hiyo atasomewa makosa yake na watu wanaoijua habari kuliko mwalimu wake. Huko pia ataulizwa: umejuaje?